Dakika Arobaini na Saba

Kwa ndege ilikuwa dakika arobaini na saba. Upepo ukisukuma kutoka nyuma, arobaini na tatu. Mawingu yakikaa vibaya juu ya mlima, hamsini na moja. Kilomita mia mbili na kumi na nne, kutoka kiwanja hadi kiwanja. Mizani alizijua namba hizo kuliko siku yake ya kuzaliwa. Kwa miaka minne kazi yake ilikuwa kupima mizigo ya abiria, kuandika majina yao, kisha kuinua simu ya mezani na kutoa taarifa upande wa pili: imeruka saa fulani, watu kadhaa, kilo kadhaa.

Aliyepokea upande wa pili alikuwa mwongoza ndege. Alikuwa na sauti nzito, tulivu, ya kumfanya mtu asahau alichotaka kusema.

"Wewe unayepima mizigo ya watu," aliuliza siku moja, ndege ikiwa imeshatua na taarifa zimekwisha, "wa kwako nani anakupimia?"

"Wa kwangu ni mzito. Mzani wetu utavunjika."

"Basi ulete huku. Sisi tuna mnara."

Tangu siku hiyo yeye akawa Mizani, na yule akawa Mnara. Taarifa ya dakika moja ikawa mazungumzo ya nusu saa. Nusu saa ikahamia kwenye simu za mkononi, na usingizi wa watu wawili ukapungua.

Siku Mnara alipokuja kwa mara ya kwanza, Mizani alisimama mlangoni akimtafuta mwanamume mrefu, kifua kipana, wa kufanana na sauti ile. Abiria wakashuka, wakapita. Akabaki mtu mmoja mbele yake, mfupi, masikio yametanda, nywele zimeanza kumkimbia kabla ya wakati.

"Unamtafuta nani, Mizani?"

Alicheka mpaka akashika ukuta. Mnara naye alicheka. Lakini jioni yake, wakiwa wamekaa kwenye benchi la abiria, akamwuliza polepole, "Umevunjika moyo? Sema tu. Sauti yangu huwa inawadanganya watu, nimezoea."

"Sauti imenileta," Mizani alimjibu. "Macho yamenibakisha."

Hapo ndipo mapenzi yalipoanza kwa kweli, na sasa yalikuwa na mwaka mmoja na nusu.

Kisha shirika la ndege likatuma tangazo. Abiria hawatoshi, safari ya kwenda ng'ambo ya mlima inafutwa, ndege ya mwisho ni Alhamisi. Mizani alilibandika ukutani kwa mikono yake mwenyewe. Kuanzia Ijumaa, dakika arobaini na saba zingekuwa siku mbili, maana ndege iliuvuka mlima na barabara iliuzunguka. Kilomita mia sita na tisini. Mvua zikianza, siku tatu, na daraja likikatika, Mungu ndiye ajuaye.

Alhamisi ndiyo hii.

Mnara alifika na ndege ya saa tano asubuhi. Ingerudi saa nane na dakika kumi mchana. Hakuketi wala hakunywa maji.

"Twende kwa baba," alisema.

"Wazee wako walikwishajibiwa."

"Walijibiwa wao. Mimi sijajibiwa."

Nyumba yao ilikuwa mwendo wa robo saa kwa miguu, mwisho wa mtaa, chini kabisa ya njia ya ndege. Baba yake Mizani alikuwa barazani, kwenye kiti chake cha mikono. Alikuwa ameendesha malori miaka ishirini na miwili, mpaka ugonjwa ulipompiga upande mmoja, ukamwachia mkono wa kulia tu. Shangazi, dada yake baba, aliyekuja kumwuguza na hakuondoka tena, alikuwa anamkunjia blanketi magotini.

"Shikamoo, baba," Mnara alisema.

"Marahaba. Wewe ndiye mwenyewe?"

"Ndiye mimi."

"Wazee wako walikuja hapa miezi mitatu iliyopita, nikawapa jibu. Hawakukufikishia?"

"Walinifikishia. Nimekuja kulisikia kwa masikio yangu."

"Masikio unayo, hilo naliona."

Shangazi alikohoa kuficha kicheko. Hata Mnara alitabasamu. Kwa nukta moja Mizani alidhani mambo yatakuwa mepesi.

"Baba, kama kuna kosa kwangu, niambie nijirekebishe."

"Kosa huna," baba alisema. "Nimekuulizia kwa watu. Hunywi, hugombani, kazi unayo, na huyu mtoto wangu, wewe ukitajwa, anawaka kama taa. Ungekuwa wa mtaa wa pili hapo, ningekuozesha leo hii na kiatu ningekununulia."

"Basi tatizo ni nini?"

"Tatizo ni mlima."

Shangazi akaacha kukunja blanketi. Mizani alijua kinachokuja, akatazama sakafu.

"Nilikuwa na binti mkubwa," baba alisema. "Alipata mchumba huko huko kwenu. Kijana akasimama hapo hapo uliposimama, akaniambia, baba, ni karibu, ndege haifiki hata saa nzima. Nikakubali. Mwaka wa pili simu ikaja, uchungu umemzidi, njooni. Tukakimbilia kiwanjani. Ukungu umekaa juu ya njia, ndege haionekani hata bawa. Siku ya kwanza, siku ya pili. Nikasema, mimi si dereva? Nikaomba lori la rafiki yangu, nikashika barabara. Nikakuta daraja limeondoka na maji. Nilifika siku ya saba. Unajua nilikuta nini?"

"Pole, baba."

"Nilikuta udongo umeshakauka. Wa mama na wa mtoto."

Mnara aliinamisha kichwa. Aliijua habari hiyo kupitia kwa Mizani, lakini kuisikia kutoka kinywani mwa mwenye msiba ni kitu kingine.

"Na wakati ule ndege ilikuwepo," baba aliendelea. "Wewe unanijia siku ndege inakufa."

"Baba," Mizani alisema, "mimi si dada."

"Najua. Dada yako sina tena uwezo wa kumkataza kitu. Wewe ndiye niliyebaki naye." Akageuza uso wake uliopinda kidogo, akamtazama bintiye bila hasira, na ingekuwa heri hasira ingekuwepo. "Nikuulize swali moja tu, mwanangu. Mimi nikifa, utafika siku ya ngapi?"

Kuku aliingia barazani, akadonoa mkeka, akatoka.

"Nendeni," baba alisema. "Mtawachelewesha wenye safari."

Njiani hawakushikana mikono. Karibu na lango la kiwanja ndipo Mnara alipouliza, "Begi umelileta?"

"Liko chini ya kaunta tangu asubuhi. Kilo kumi na nne na nusu."

"Umelipima?"

"Mazoea."

Walikuwa wamekubaliana wiki nzima. Kama baba atakubali, vizuri. Kama atakataa, Mizani ataondoka vivyo hivyo, na radhi itaombwa baadaye, wakiwa wameshafunga ndoa. Ndiyo maana kwenye orodha ya abiria alikuwa ameandika majina kumi na moja ya watu, na la kumi na mbili lilikuwa lake.

Abiria walijipanga. Mizani akapima gunia la vitabu vya mwalimu, akapima sanduku la bibi harusi aliyekuwa anakwenda kwa mumewe akiimba chini chini. Kila mzigo ulipopanda mzani, swali la baba lilirudi. Utafika siku ya ngapi? Alipomaliza, akamwita Mnara nyuma ya jengo, penye mapipa ya mafuta.

"Siendi," alisema.

Mnara hakushtuka. Labda alikuwa amelisoma njiani.

"Sawa. Basi tusubiri."

"Tusubiri nini?"

Wote wawili walilijua jibu. Kitu pekee cha kusubiri kilikuwa kimekaa barazani na blanketi magotini.

"Sitaki kuolewa kwa sababu baba yangu amekufa," Mizani alisema. "Sitaki kila asubuhi nimtazame nikihesabu. Usiniambie tusubiri."

"Basi nabaki mimi."

"Unabaki wapi?"

"Hapa. Begi langu liende, mimi nibaki. Kesho naandika barua ya kuacha kazi."

"Nani atakuajiri hapa? Kiwanja kinafungwa, mnara wenyewe hatuna."

"Nitauza mkaa. Nitaosha malori. Kwani wanaoosha malori hawaoi?"

Alisema huku anacheka kidogo, lakini macho yake hayakucheka, na Mizani akaona kwamba mtu huyu hatanii. Angebaki kweli. Angebaki leo. Akamkumbuka anavyosimulia utoto wake, alivyokuwa akilala chali shambani kwao akingoja ndege ipite, miaka aliyosoma kwa taa ya kuazima. Akaikumbuka siku ya dhoruba mwaka jana, ndege ikitapatapa ndani ya wingu na watu tisa ndani. Mizani alisikiliza simuni namna Mnara alivyomwita rubani chini, taratibu, neno baada ya neno, kama mtu anayembembeleza mtoto ateremke mtini. Watu tisa walishuka wazima. Mtu huyo ndiye aoshe malori? Mwaka wa kwanza angeosha akiimba. Mwaka wa tatu angenyanyua macho mbinguni, asione kitu, kisha angemgeukia yeye.

Akajua la kufanya. Alijua pia pa kupiga, maana mtu anayekupenda hukuonyesha mwenyewe mahali panapomuuma.

"Usibaki kwa ajili yangu," alisema. "Utabaki bure."

"Una maana gani?"

"Nilipenda sauti."

Tabasamu la Mnara likafutika.

"Siku ile uliposhuka kwenye ndege, nilikuwa namtafuta mtu mwingine," Mizani aliendelea, na kila neno lilimchana likitoka. "Ulikuja wewe. Nikasema nitazoea. Sikuzoea."

"Ulisema macho yamekubakisha."

"Nilikuonea huruma."

"Mwaka na nusu wa huruma?"

"Ndiyo."

Mkono wa Mnara ulipanda wenyewe, ukagusa sikio, ukashuka. "Niangalie machoni," alisema. "Niangalie, useme."

Kwa miaka minne Mizani alikuwa amewaambia akina mama wenye haraka, mzigo umezidi, toa kitu, na hakuwahi kupepesa. Uso ule wa kazini akauvaa sasa. Akamtazama.

"Sikupendi," alisema.

Mnara aliitikia kwa kichwa, mara moja, kama anavyoitikia mtu aliyepewa taarifa iliyokamilika. "Ungeniambia siku ile ile," alisema. "Ningerudi na ndege iliyonileta." Kisha akageuka, akatembea kwenye jua mpaka penye ngazi, akapanda bila kutazama nyuma.

Rubani, mzee aliyekuwa amebeba barua zao mara nyingi kuliko posta, alikuja kuchukua orodha. "Kumi na wawili, sivyo? Wewe nimekuwekea dirishani."

"Kumi na mmoja. Mmoja ameghairi."

Rubani alilitazama begi chini ya kaunta, akamtazama yeye, akavua kofia.

Ndege iliruka saa nane na dakika kumi. Mizani akapiga simu, karani mgeni akapokea, akampa saa, watu na kilo. Kisha akafunga dirisha, akafuta sakafu ambayo hakuna atakayeikanyaga kesho, akabeba begi lake, akashika njia ya nyumbani. Alilia njia nzima, kila hatua. Watu walimsalimu, hakusikia.

Alipokaribia baraza alimwona shangazi amesimama mlangoni, kiganja mdomoni. Baba alikuwa amelaza kichwa nyuma, uso juu, mashavu yameloa.

"Baba! Umepatwa na nini?"

Baba aliruka kitini kwa kadiri upande wake mmoja ulivyomruhusu. "Wewe! Wewe si umo kwenye ndege?"

"Nimo hapa, baba."

"Shangazi yako aliingia chumbani kwako, akakuta begi halipo. Nikajua umeondoka." Alikuwa anahema. "Niliwaka, mwanangu. Nilikuwa nakutafutia maneno mabaya kuliko yote. Hapo ndege ikapita. Hapa, juu ya bati. Nikasema, mle ndani mna mtoto wangu. Na maneno yote yakaniruka. Nikajikuta nimeinua huu mkono uliobaki, nasema, Mungu wangu, mfikishe. Nimempa radhi, ya mbele na ya nyuma. Muulize shangazi yako."

"Ni kweli," shangazi alisema. "Amelia kama mtoto."

"Na moyo ukatulia," baba alisema. "Tangu siku ile ya udongo haujatulia hivyo. Nikasema, kumbe hofu yote ilikuwa ya kusubiri tu. Ukishaachia, umeachia." Akalitazama begi mkononi mwake. "Sasa umefuata nini huku?"

Mizani akakaa chini, pale pale penye mkeka.

"Nimekufuata wewe, baba. Ulisema..."

"Nilisema! Mzazi husema. Mpigie! Mwambie nimekubali. Mwambie aje akuchukue hata kwa mkokoteni!"

"Yuko angani. Simu imezimwa."

"Bado dakika ngapi?"

Akatazama saa. "Kumi na tisa."

Wakangoja, watatu, simu ikiwa juu ya mkeka katikati yao. Baba hakutulia.

"Sasa amefika wapi?"

"Anaukaribia mlima."

"Na sasa?"

"Ameuvuka, baba."

"Na sasa?"

"Anashuka."

Saa tisa kasoro dakika tatu ikapita. Akampa muda wa kuteremka ngazi. Akapiga, ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Mara ya tatu ikapokelewa. Upepo wa kiwanjani ulivuma ndani yake.

"Nakusikia," Mnara alisema.

"Nilikudanganya." Maneno yalitoka yakigongana. "Nilisema yale ili usiache kazi. Hakuna hata moja la kweli. Na baba ameridhia, yuko hapa, amenipa radhi. Nakupenda, Mnara. Nitakuja kwa barabara, kesho, hata kwa lori."

Upepo ulipungua, kama amesogea penye ukuta.

"Nishike lipi, Mizani? La saa nane, au la saa tisa?"

"Shika hili."

"Lile ulilisema unanitazama machoni. Hili unalisema simuni, baba yako akiwa amekaa kando." Hakupandisha sauti. Ilikuwa ile ile nzito, tulivu. "Nimeketi dirishani njia nzima nikijiuliza ni lini hukunionea huruma. Sikupata siku. Hata ukija, nitakuwa natafuta. Ulisema ulipenda sauti. Basi, umeshaisikia. Nakuomba usinipigie tena."

Simu ikakatika.

Mizani hakuishusha. Baba alikuwa ameinama kuelekea kwake, jicho linang'aa, upande mzima wa mdomo wake ukitabasamu na ule uliokufa ukijaribu. Kwa miaka mingi Mizani alikuwa hajamwona hivyo.

"Haya," Mizani aliiambia simu isiyo na mtu. "Ndiyo. Haya. Nimesikia."

Akaishusha taratibu.

"Anasemaje?" baba aliuliza.

"Anasema amefika, baba."

"Na wewe? Uende lini?"

"Anasema..." Akalitazama begi. "Anasema mvua zikipita. Barabara ikikauka."

"Ana akili yule kijana! Si nilisema ana akili?" Baba alipiga mkono wa kiti. "Dada, tuletee karatasi na kalamu. Huyu hawezi kushika njia ile bila kuelekezwa. Mimi naijua hata gizani."

Shangazi akaleta daftari. Mizani akalipakata. Baba akafumba macho, mkono wake mmoja ukishika usukani usiokuwepo.

"Andika. Ukitoka hapa, kilomita thelathini na mbili, daraja la kwanza. Jembamba hilo, msiende mbio. Umeandika?"

"Naandika, baba."

"Kutoka hapo, mkono wa kushoto, kuna kona mbili mbaya..."

Mizani akaziandika kona zote mbili.